Swali la kaka lililonifikisha mlima wa ndege zisizo na injini

KILA ndege ya kaka yangu ilikufa kifo kimoja. Ilitoka mkononi kwa kasi, ikainua pua juu kama jogoo anayetaka kuwika, ikasimama hewani kidogo, kisha ikadondoka puu! katikati ya mahindi. Tulikuwa watoto wa Kachibora, chini ya vilima vya Cherangany, na mwaka ulikuwa 1997, ule wa mvua za El Nino.

Ndege zenyewe zilikuwa za mabua. Msomaji aliyekulia Trans-Nzoia au Bungoma hahitaji kuelezwa, lakini kwa faida ya watoto wa mjini nitaeleza. Unachagua bua la mahindi lililokauka vizuri. Unalimenya ganda lake gumu, ukabaki na kiini cheupe ambacho ni chepesi kama sifongo. Lile ganda hulitupi. Unalichonga liwe vijiti vyembamba vyenye ncha, na hivyo ndivyo misumari yako. Mabawa na mkia unavikata kutoka kwa katoni ya sabuni. Ukimaliza una ndege isiyo na injini, betri wala mpira. Unairusha kwa mkono, nayo, ukijaliwa, inateleza juu ya hewa mpaka itue yenyewe. Ndege ya aina hiyo, iwe ya kuchezea au ya kubeba mtu, huitwa glaida.

Za kaka hazikujaliwa. Hata hivyo hakuchoka. Aliunda ya kwanza, ya pili, hadi ya saba, na zote alizipanga juu ya ghala la mahindi kama maaskari kwenye gwaride.

Baba hakuona ndege. Aliona mtoto wa darasa la nane ambaye mtihani wa KCPE ulikuwa umebisha hodi. Jioni moja alizikusanya zote saba, akazipeleka jikoni, akazitia motoni chini ya sufuria ya maharagwe. "Nimekupeleka shule usome, si uchezee takataka," alisema, na hakusema zaidi.

Kaka hakulia. Tulisimama mlangoni tukitazama moshi ukipenya kwenye nyasi za paa, naye akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kwa nini zote zinainua pua?" Nilikuwa na miaka tisa. Sikuwa na jibu.

Swali hilo lilikaa kwetu miaka 26. Kaka alifanya mtihani wake, akasoma kadiri karo ilivyoruhusu, na leo ana kinu cha kusaga mahindi na kibanda cha kuchomelea vyuma pale Kachibora. Mimi nilikuja mjini, nikajifunza kazi hii ya kuandika. Oktoba 2023 nilipopata nafasi ya kwenda Frankfurt, Ujerumani, kwa mafunzo ya kazi ya wiki mbili, nilimpigia simu kumuaga. Nilidhani ataniagiza simu au viatu kama watu wengine.

"Dada," alisema, "nasikia Wajerumani ndio mabingwa wa zile ndege. Ukipata siku ya mapumziko, niulizie lile swali langu."

Ndipo wikendi ya kwanza, wenzangu walipokwenda madukani, mimi nikakata tiketi ya kwenda mlima Wasserkuppe.

MLIMA MFUPI, SIFA NDEFU

Kutoka Frankfurt, garimoshi la kasi huchukua takriban saa moja kufika mji wa Fulda. Hapo unapanda garimoshi dogo linalopita vijijini hadi Gersfeld, kisha basi linakupandisha mlimani. Mlima huo una maonyesho ya kudumu ambayo mpenzi yeyote wa glaida huyajua: jumba la makumbusho la Ujerumani la ndege zisizo na injini, likiwa na sehemu yake maalumu ya ndege ndogo za mfano.

Nitakiri kwamba nilipofika kileleni nilitaka kucheka. Wasserkuppe ndio mlima mrefu kuliko yote katika jimbo la Hesse, lakini urefu wake ni mita 950 tu kutoka usawa wa bahari. Mji wetu wa Kitale, ambao hakuna anayeuita mlima, uko karibu mita 1,900. Yaani muuza nyanya wa soko la Kitale amekaa juu mara mbili ya kilele hicho!

Kicheko kiliisha niliposhuka katika basi. Upepo ulinipiga kifuani nikashika kofia kwa mikono miwili. Kilele cha Wasserkuppe hakina msitu. Ni nyasi tupu zinazoteremka kila upande, na unaona mabonde kwa mabonde hadi macho yachoke. Upepo unapotoka bondeni na kugonga mteremko kama huo hauna pa kwenda ila juu. Huo upepo unaopanda ndio "injini" ya glaida. Ndege inateremka polepole ndani ya hewa, lakini hewa yenyewe inapanda. Ikiwa hewa inapanda kwa kasi kuliko ndege inavyoteremka, ndege inakwenda juu bila kuchoma hata tone la mafuta.

WANAFUNZI NDIO WALIOANZA

Jambo lililonishangaza zaidi ni nani waliougundua mlima huo. Hawakuwa majenerali wala matajiri. Walikuwa wanafunzi.

Mwaka wa 1911, vijana wa shule kutoka mji wa Darmstadt walipanda Wasserkuppe wakiwa na glaida walizojiundia wenyewe. Walianguka, wakatengeneza, wakarudi tena. Mwaka uliofuata, mmoja wao aitwaye Hans Gutermuth aliruka mita 838. Pima mwenyewe, msomaji: ni kama kuzunguka uwanja wa riadha mara mbili, angani, kwa mbao na kitambaa.

Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Ujerumani iliposhindwa, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliikataza kuwa na jeshi la anga, na utengenezaji wa ndege za injini ukawekewa vikwazo vikali. Lakini ndege zisizo na injini hazikuguswa. Vijana waliokuwa na kiu ya kuruka wakarudi kwenye mlima wao. Mwaka wa 1920, mhandisi na mhariri wa gazeti la urubani, Oskar Ursinus, aliwaita watu wote wenye glaida wakutane Wasserkuppe kushindana. Walilala katika mahema na vibanda, wengi wakiwa hawana kitu mfukoni.

Mashindano hayo yakawa ya kila mwaka, na mambo yakaenda mbio. Mwaka wa 1920 mshindi alikaa hewani kwa dakika mbili na ushei. Agosti 1922, glaida iitwayo Vampyr, iliyoundwa na wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Hannover, ilirushwa na Arthur Martens ikakaa hewani zaidi ya saa moja. Siku chache baadaye mwenzake, Friedrich Hentzen, akaikalisha hewani zaidi ya saa tatu. Kutoka dakika mbili hadi saa tatu, kwa muda wa miaka miwili! Na injini ilikuwa ni ule ule upepo wa mteremko.

Haifai kuficha upande wa pili. Wanazi waliposhika serikali mwaka wa 1933, walizitumia shule za glaida kuandaa marubani wa vita. Mchezo wa vijana ukageuzwa kuwa mlango wa jeshi. Hilo nalo ni funzo: kipawa cha mtoto kikikosa mlezi mwema, mwingine atakuja kukitumia.

KORONGO WA LILIENTHAL

Ndani ya jumba hilo, glaida kubwa kwa ndogo zimejaa, nyingine zikining'inia darini kana kwamba zinaruka kimyakimya. Nilipita kwenye mabawa ya mbao, ya kitambaa, na ya nyuzi za kioo za siku hizi. Lakini miguu yangu ilisimama mbele ya mfano wa glaida ya Otto Lilienthal.

Lilienthal alikuwa mhandisi, aliyezaliwa mwaka wa 1848 huko Anklam, kaskazini mwa Ujerumani. Tangu utotoni yeye na mdogo wake Gustav waliwatazama korongo weupe wakiruka malishoni. Hawakuwatazama tu, bali baadaye walipima: upana wa bawa, mkunjo wake, uzito wa mwili. Mwaka wa 1889 Lilienthal alichapisha kitabu kuhusu kuruka kwa ndege wa porini kama msingi wa urubani, na korongo ndiye mwalimu mkuu katika kitabu hicho.

Hapo nikakumbuka kitu. Korongo weupe wa mashariki mwa Ulaya hukimbia baridi kila mwaka, wakapita Mashariki ya Kati na kushuka hadi Afrika. Wengi hupitia au hukaa Afrika Mashariki, wakiokota panzi na viwavi mashambani. Mwalimu yule yule aliyemfundisha Lilienthal amekuwa akitua katika mashamba yetu miaka yote hii, na sisi tukimfukuza kwa mawe.

Kati ya 1891 na 1896 Lilienthal aliruka zaidi ya mara 2,000, akijining'iniza kwa mikono katikati ya mabawa ya fito na kitambaa. Karibu na Berlin alijengewa kilima cha udongo ili aweze kuruka upepo utokako kokote. Safari zake ndefu zilifika mita 250. Aliongoza glaida kwa kusogeza miguu na kiwiliwili, mbele au nyuma, kushoto au kulia.

Tarehe 9 Agosti 1896, upepo wa ghafla ulimkuta hewani. Glaida ikainua pua. Ikasimama. Ikaanguka kutoka urefu wa mita 15 hivi. Lilienthal alivunjika uti wa mgongo na kufariki siku iliyofuata.

Nilisoma maelezo hayo mara mbili. Ilikuwa kana kwamba mtu ananisimulia ndege za kaka. Jambo lililoziua ndege saba za mabua katika shamba la Kachibora ndilo lililomuua mtu aliyejua kuruka kuliko wote duniani siku zake. Lile halikuwa swali la kitoto hata kidogo.

JIBU LENYEWE

Jibu nililipata katika historia ya ndege ndogo za mfano, nalo ni la zamani kuliko Lilienthal. Mwaka wa 1804, Mwingereza aitwaye George Cayley aliunda ndege ndogo ya kuchezea. Bawa lake lilikuwa kama tiara, yaani kishada kile watoto hurusha, lililofungwa juu ya kijiti. Nyuma kulikuwa na mkia wenye umbo la msalaba. Mbele aliweka kitu kimoja cha busara sana: uzito mdogo uliowekwa ili aweze kuusogeza. Wanahistoria wengi huiita hiyo glaida ya kwanza yenye umbo la ndege za leo.

Kwa nini uzito? Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake wote unalingana. Weka rula juu ya kidole na utapaona. Tupaite kitovu cha uzito. Bawa nalo lina mahali ambapo hewa hulinyanyua. Kitovu cha uzito kikiwa nyuma mno, mkia unakuwa mzito, pua inapanda. Pua ikipanda, bawa linaikabili hewa kama ubao badala ya kuikata kama kisu. Mwendo unapungua. Hewa iliyokuwa ikiteleza vizuri juu ya bawa inaachana nalo na kuvurugika. Hapo bawa haliwezi tena kubeba mzigo wake, na ndege inadondoka.

Dawa yake ni kuongeza uzito kidogo puani, basi. Tonge la udongo, pini, au sarafu ya shilingi.

Nilisimama pale nikahisi machozi yakinilenga. Ndege saba ziliteketea motoni kwa kukosa tonge la udongo, na udongo ndio kitu pekee ambacho Kachibora haijapata kukosa.

BABA ALIYELETA KICHEZEO

Mtu akizungumza kuhusu ndege, jina la ndugu wawili Wamarekani, Wilbur na Orville Wright, halikosi kutajwa. Wanafunzi wengi wanajua kwamba tarehe 17 Desemba 1903 waliruka kwa ndege ya injini huko Kitty Hawk. Wachache wanajua kwamba kabla ya hapo, katika miaka ya 1900, 1901 na 1902, walikuwa wakijaribu glaida kwenye vilima vya mchanga. Na wachache zaidi wanajua yote yalianzia wapi.

Yalianzia mkononi mwa baba yao. Mwaka wa 1878, mzee Milton Wright, aliyekuwa askofu, alirudi kutoka safarini na kichezeo kidogo cha mianzi, kizibo na karatasi, kilichoendeshwa kwa mpira uliosokotwa. Ulikuwa ni mfano wa helikopta uliotokana na ubunifu wa Mfaransa Alphonse Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11 na Orville saba. Kichezeo kilipovunjika walijiundia vingine. Walipokuwa watu wazima walisema wazi kwamba hamu yao ya kuruka ilianzia hapo.

Simlaumu baba yangu. Mwaka wa 1997 mtihani ulikuwa ndio mlango mmoja tu aliouona, na mzazi anayesukuma mtoto kwenye mlango huo hafanyi hivyo kwa chuki. Lakini nilipotoka nje ya jumba lile nilijiuliza ni wazazi wangapi tunachoma moto kile ambacho kingetakiwa kuulizwa maswali mawili tu: umeiundaje, na kwa nini inaanguka?

Nje, kwenye mteremko, alikuwapo mzee mmoja na mjukuu wake wa kiume, wakiwa na glaida ya mfano yenye mabawa marefu kuliko mikono ya mtoto. Mtoto alikimbia hatua tatu, akairusha dhidi ya upepo. Ilitikisika, ikajikusanya, ikapanda juu ya vichwa vyetu na kutulia pale kama mwewe. Mzee hakuishika mashine ya kuiongoza. Aliweka mikono mfukoni, akamwachia mtoto.

JARIBU MWENYEWE

Msomaji, usingoje kupata viza ya Ulaya. Jaribio hili linahitaji kadi ngumu ya manila au katoni nyembamba, kijiti kilichonyooka cha sentimita 25 hivi (bua lililomenywa linafaa sana), gundi na udongo wa mfinyanzi.

Kata bawa moja refu la sentimita 30 kwa sita. Likunje kidogo katikati ili ncha mbili ziinuke kama herufi V iliyolala wazi. Mkunjo huo huizuia ndege kulala ubavu. Ligandishe kwenye kijiti, karibu thuluthi moja kutoka mbele. Mkia ukate sentimita kumi kwa nne, uugandishe nyuma kabisa, na juu yake usimamishe kipande kidogo kama pezi la samaki.

Sasa shikilia ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya bawa, kiasi cha thuluthi moja ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Ikiangukia mkia, ongeza udongo puani. Ikiangukia pua, punguza. Ikilingana, nenda mahali pasipo na upepo mkali, uirushe polepole ukiielekeza chini kidogo. Usiivurumishe kama jiwe. Ikiinua pua na kusimama, ongeza udongo kiasi cha punje ya mahindi. Ikipiga mbizi, punguza.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara, na uandike umbali katika daftari. Daftari hilo ndilo linalotenganisha mchezo na sayansi. Cayley alikuwa nalo, Lilienthal alikuwa nalo, na ndugu wa Wright walikuwa nalo.

MITEREMKO TULIYONAYO

Nilirudi Kenya, na Desemba hiyo nikapanda kwenda nyumbani. Kutoka Eldoret nilizunguka kupitia Iten, kilomita 35 hivi, kwa sababu nilitaka kuona jambo ambalo nilikuwa nimelisikia Ujerumani kuliko nyumbani. Iten tunaijua kwa wanariadha. Lakini watu wa kuruka kwa paraglaida, yaani yale mabawa ya kitambaa yanayofanana na parashuti, wanaijua kwa ukuta wa Elgeyo, ambao unaanguka zaidi ya mita 1,000 hadi bonde la Kerio. Jua linapochoma bonde, hewa moto inapanda na upepo unagonga ukuta. Wageni kutoka Ulaya husafiri hadi hapo, hasa miezi ya kiangazi kama Januari na Februari, kuutumia upepo ambao watoto wetu huusikia bure kila siku wakienda kuteka maji.

Wasserkuppe ina mita 950 na jumba la makumbusho. Sisi tuna Elgeyo, tuna Cherangany ambayo inapita mita 3,000, tuna mlima Elgon unaopita mita 4,300. Tulichokosa si mteremko.

Kitale nilisimama tena, nikaingia katika makumbusho ya mji huo. Yana historia inayofaa kukumbukwa. Hugh Stoneham, afisa wa jeshi aliyekuwa mlowezi, alikuwa na tabia ya kukusanya wadudu, ndege na vitabu tangu utotoni. Mwaka wa 1926 alifungua makumbusho yake ya kibinafsi. Alipofariki mwaka wa 1966 aliyaacha kwa ajili ya taifa, na makumbusho ya sasa ya Kitale yakafunguliwa mwaka wa 1974, ya kwanza nchini nje ya miji ya Nairobi na pwani. Kumbe hata hapa kwetu jumba zima liliweza kuanzia kwa mtoto mmoja aliyependa vipepeo na hakuna mtu aliyeyatia makusanyo yake motoni.

Nikiwa ndani nilijiuliza: je, ingegharimu nini kutenga kabati moja la vioo kwa ajili ya magari ya waya, malori ya mbao na ndege za mabua za watoto wa Trans-Nzoia na Bungoma, jina la kila mtoto likiandikwa chini? Wajerumani wameweka ndege za kuchezea chini ya paa moja na zile za kubeba watu, kwa sababu wanajua ya pili ilizaliwa na ya kwanza.

KACHIBORA

Nilimkuta kaka kibandani, miwani ya kuchomelea ikiwa juu ya paji. Nilikuwa nimebeba picha na michoro, na njia nzima katika matatu nilikuwa nikirudia maelezo kama mwanafunzi wa mtihani. Nikamweleza yote: Cayley, uzito wa kusogeza, korongo, na siku ile ya Agosti 1896. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye tonge la udongo alitabasamu, akaingia nyumbani.

Alitoka na binti yake wa miaka 11. Mkononi mwa mtoto kulikuwa na ndege ya mabua, mabawa ya katoni, na puani tonge la udongo lililokaushwa na kusuguliwa likang'aa.

"Ulijua!" nikasema.

"Nilijua tangu mwaka uliofuata, dada," alijibu. "Nilibandika udongo nikaona imenyooka. Jambo nililotaka kujua ni kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuuliza."

Sikuwa na la kusema. Miaka yote hiyo alidhani yuko peke yake duniani na swali lake. Nilimwonyesha picha ya Lilienthal, naye akaitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeonyeshwa picha ya ndugu ambaye hakuwahi kuambiwa anaye.

Tulikwenda shambani, mahindi yakiwa yamekwisha vunwa. Baba, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alikuwa ameketi kwenye kiti chini ya mparachichi. Mtoto alirusha. Ndege haikuinua pua. Iliteleza ikiwa imenyooka, ikapita juu ya mabua yaliyolala, ikageuka kidogo kwa upepo wa vilima, na kutua karibu na miguu ya mzee.

Baba aliinama kwa shida, akaiokota. Aliigeuza, akaigusa pua yake kwa kidole gumba. Tulinyamaza sote. Kisha akamnyooshea mjukuu wake.

"Rusha tena," alisema.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Mzazi unayesoma ukurasa huu Jumapili ya leo, huenda juu ya kabati lako kuna kitu cha waya, cha katoni au cha mabua ambacho ulikuwa umepanga kukitupa kesho. Kabla hujakitupa, mwite aliyekiunda. Mwulize kinafanya nini, na kwa nini kinaanguka.